Mistari Mitupu ya Desemba

Jumanne, tarehe 3 Februari 2009, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, madebe mawili ya maziwa yalikuwa yamelala mtaroni kando ya barabara ya kiwanda cha sukari, na mbwa watatu walikuwa wakilamba lami. Pikipiki ilikuwa hatua kumi na tano mbele. Rafaqat, mwuza maziwa wa Kijiji Namba 117, alikuwa amekaa chini akiushika mguu wake wa kulia kwa mikono miwili. Tela la miwa lililomgonga halikusimama.

Mkewe, Sughran, aliletewa habari saa moja na nusu. Kabla ya kutoka alifanya jambo ambalo mama mkwe wake alilirudia kwa majirani wiki nzima. Alifungua daftari la maziwa, akaandika tarehe, na chini yake: "Lita 36 zimemwagika. Rafaqat amegongwa."

"Mumeo anakufa, wewe unaandika!"

"Hajafa, mama. Angekufa wangesema."

Sughran alisoma mpaka darasa la tano. Rafaqat hakusoma kabisa. Mchana alibeba hesabu zote kichwani, na jioni alimmwagia mkewe kwa mkupuo mmoja: nani katoa lita ngapi, hoteli gani ya chai imelipa, nani kafiwa, nani kaoa na wao wamechanga rupia ngapi. Sughran aliandika. Hakuruka siku wala mstari, maana karatasi zilinunuliwa. Madaftari kumi na tisa yalikaa ndani ya sanduku la bati, pamoja na shuka za wageni.

Daktari wa hospitali ya binafsi mjini aliiinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha. Mfupa wa paja ulikuwa umekatika mara mbili. Ulitaka chuma. Rupia elfu themanini, zilipwe kwanza, na isipite tarehe 17, kwa sababu baada ya hapo mfupa ungeungana vile ulivyolala.

"Ukiungana hivyo?"

"Atatembea. Pikipiki yenye madebe, asahau."

Hospitali ya serikali nayo ilikuwa na daktari wa mifupa. Alikuwa huyu huyu, ila asubuhi, na asubuhi hakuwa na vyuma.

Nyumbani kulikuwa na rupia elfu kumi na moja na mia nne. Kulikuwa pia na ekari mbili ambazo Sughran alirithi kwa baba yake, ambazo kaka yake, Mushtaq, alizilima pamoja na nne zake mwenyewe. Tufail, jirani mwenye trekta, alikubali kuzikodi kwa miaka miwili na kulipa elfu tisini na tano mkononi.

"Lete hati tu kutoka kwa patwari," alisema. "Fedha utazikuta hapa."

Patwari Inayat, karani wa ardhi wa vijiji vinne, alikuwa na ofisi katika chumba cha kupanga nyuma ya duka la mbolea. Alhamisi asubuhi wanaume watano walikuwa wamekaa kwenye benchi. Hakuna aliyesogea. Sughran alisimama saa nzima na robo, akimtazama patwari anavyomenya machungwa na kuyapanga maganda juu ya faili.

"Nani kafa?" patwari aliuliza hatimaye. Kwake wanawake walikuja kukiwa na msiba.

"Hajafa mtu. Nataka hati ya ekari zangu mbili. Sughran, binti wa marehemu Rahmat."

"Mia mbili za wino."

Alipozitoa, patwari hakunyoosha mkono. Alimwonyesha kwa kalamu aziweke chini ya mto aliokalia, na Sughran akainama mbele ya wanaume watano akazichomeka hapo, karibu na makalio yake.

Patwari alifungua rejista kubwa, ile ambayo kwa sheria kila siku huandikwa nani kafika mbele yake na kasema nini. Akalamba kidole, akafunua.

"Huna ardhi, dada. Nambari 318, tarehe 20 Desemba 2007. 'Sughran binti Rahmat amefika mbele yangu kwa hiari yake, akasema amempa kaka yake Mushtaq ekari zake mbili kwa mapenzi. Ametambulishwa na Barkat, mkuu wa kijiji.' Alama ya dole lako hii hapa. Dole la Haji Barkat hili, na muhuri wake."

"Mimi natia saini. Sijaweka dole maishani mwangu."

"Wote husema hivyo."

"Bwana Patwari, kasahau huyo," alisema mmoja benchini. "Mapenzi yanasahaulisha." Wenzake wakacheka, na patwari akacheka akiwa na chungwa mdomoni.

Aligeuza rejista nusu tu, kiganja kikiwa juu yake, lakini Sughran aliona alichotaka kuona. Maandishi yalianza makubwa na yakaishia madogo, yamebanwa mpaka ukingoni. Ndivyo mtu anavyoandika pale ambapo nafasi ilishapimwa kabla ya maneno.

Mushtaq alimkaribisha kwenye kitanda cha kamba uani na kuagiza chai. Mkewe aliileta ndani ya kikombe cha vibarua, kile kisicho na mkono.

"Umekwenda kwa patwari kabla ya kuja kwangu?"

"Ningekuja kwako ungesema nini?"

"Ningesema kunywa chai, dada."

"Mushtaq, lile dole ni la nani?"

"Dole ni dole." Alivuta kiko cha maji, akautoa moshi polepole. "Hebu nikuulize na mimi. Nani aliyekuoza? Friji, vitanda viwili, cherehani, vyombo mpaka vya wageni ambao hawakuja. Taja mwanamke mmoja kijiji hiki aliyepewa vyote vile halafu akadai na ardhi."

"Friji iliharibika mwaka wa pili."

"Kwa hiyo nikulipe friji?"

"Nipe elfu themanini za mguu wa shemeji yako. Ardhi ibaki kwako."

Mushtaq alitazama upande wa zizi, ambako palikuwa na nyati wanne na trekta iliyofunikwa turubai jipya.

"Mkono umekauka, wallahi. Sikiliza. Dada wenye akili wanakuja sikukuu, wanakula, wanaondoka na gunia lao la ngano. Ukitaka ardhi, chukua, nenda mahakamani. Lakini mlango huu usiujue tena. Hata nikifa usije."

Alimpa rupia mia tano na kopo la samli. Sughran alichukua vyote viwili. Jioni aliandika: "Mushtaq, 500. Samli kilo moja na nusu, imechanganywa na mafuta."

Jumamosi alikwenda hospitali na daftari la mwisho wa 2007. Mguu wa Rafaqat ulikuwa umening'inizwa kwa kamba yenye matofali mawili. Sughran alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kumsomea kwa sauti ya chini, kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ametega sikio bila hata kujificha.

"Tarehe 24 Novemba. 'Lita 39. Mkuu Barkat ameondoka kwenda Hija. Shada la maua 60, bahasha 500.'"

"Bahasha niliitoa mwenyewe. Aliihesabu mbele yangu."

"Tarehe 20 Desemba. 'Lita 41. Baridi. Mkuu bado hajarudi, kwake wamesema watalipa akirudi.' Tarehe 5 Januari. 'Haji amerudi. Tumepata tende saba na kichupa cha zamzam. Maziwa ya karamu yake lita 40, hajalipa.'"

Rafaqat alitazama dari.

"Soma tena tarehe ishirini."

Akasoma tena.

"Kwa hiyo amekutambulisha kutoka Makka."

"Ndiyo."

"Mtu mtakatifu sana yule," alisema Rafaqat, kisha akaanza kucheka, matofali yakayumba, na cheko likageuka ukelele. Muuguzi alikuja akawagombeza wote wawili.

Jumanne, tarehe 10, afisa ardhi wa tarafa alifanya kikao cha hadhara katika uwanja wa shule. Alitangazwa kufika saa tatu, akafika saa tano na nusu. Nyuma ya darasa la pili kuku sita walikuwa wanakaangwa kwa gharama ya patwari, na harufu yake ilisikika katika kila shauri lililosomwa. Shauri la Sughran lilikuwa la mwisho.

"Kwa kifupi, mama," alisema afisa.

Sughran alisoma mistari mitatu, kwa tarehe, mpaka lita arobaini zisizolipwa. Afisa aliomba daftari, akalifunua kwa kucha mbili.

"Hili ni daftari la maziwa."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Serikali haiendeshwi kwa maziwa, mama."

Watu wakacheka. Sughran alingoja wamalize.

"Basi usiliamini daftari. Muulize Haji alikuwa wapi."

Haji Barkat alikuwa amekaa kiti cha kwanza, ndevu zimetiwa hina, kilemba cheupe. Lango la nyumba yake lilichorwa Kaaba na ndege, na chini yake mwaka wa Hija kwa rangi ya kijani. Nusu ya waliokuwa uwanjani walimvisha maua alipoondoka, na wote walikula karamu yake aliporudi. Afisa alimwuliza kama tarehe 20 Desemba mwaka juzi alikuwa kijijini. Haji alimtazama patwari. Patwari alikuwa anatazama kuku.

"Sikuwapo," alisema Haji. "Nilikuwa Mina. Nilikuwa nampiga shetani mawe."

"Na dole lako?"

"Dole niliacha."

Alieleza bila aibu, kama mtu anayeeleza alivyopanga zamu za maji ya mfereji. Alikuwa anasafiri siku arobaini na mbili. Kazi za watu zisimame? Patwari akaruka nafasi kumi na mbili kwenye kurasa zilizokuwa mbele, naye Haji akaziwekea dole na muhuri, zijazwe haja ikitokea. Mkuu aliyemtangulia alifanya vivyo hivyo alipokwenda Karachi kutibiwa macho.

Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Haji, ungeacha na mkono mzima," na kicheko cha safari hii hakikuwa cha kumcheka Sughran.

"Zimetumika ngapi?" afisa aliuliza.

"Nane, Mheshimiwa," alisema patwari.

"Kwa nani?"

Patwari alianza kutaja jina la kwanza, na kabla hajalimaliza mtu mmoja wa safu ya mbele alikohoa, mwenye ekari sitini na mwana aliye polisi. Afisa alifunga rejista.

"Suala limekuwa zito. Litasikilizwa ofisini kwangu tarehe 24 Machi."

"Mheshimiwa, mguu wa mume wangu mwisho wake ni tarehe 17."

"Mguu hauko katika mamlaka yangu, mama."

Sahani zikaletwa. Sughran alikuwa anafunga daftari ndani ya shali yake Haji alipomsogelea.

"Mwanangu, yale maziwa ya karamu ulikuwa na haja gani kuyasoma mbele ya watu?"

"Yalikuwa kwenye mstari huo huo, Haji."

Ijumaa baada ya swala patwari alikuja nyumbani kwa Sughran mwenyewe, rejista ikiwa ndani ya mfuko wa mbolea. Mama mkwe alimtandikia shuka ya wageni na kumpa chai ya maziwa matupu. Patwari alikunywa vikombe viwili kabla ya kusema lililomleta.

"Tumekaa, dada. Mimi, Haji na kaka yako. Hatutaki uteseke. Mushtaq anakurudishia ekari zako."

"Anaandika kwamba sikumpa?"

"Anaandika kwamba anakupa. Tazama." Alifungua rejista juu ya magoti. Chini ya nambari 318 palikuwa na nafasi ya vidole vitatu, tupu, na pembeni yake dole na muhuri wa Haji vikingoja. "Nambari 319, tarehe 21 Desemba 2007. Jana yake ulimpa kwa mapenzi, kesho yake naye kakupa kwa mapenzi. Mheshimiwa anapiga muhuri kesho asubuhi, hati unayo kesho mchana."

"Tarehe 21 ilikuwa Idi. Ofisi zilifungwa."

"Afadhali zaidi! Kaka kampa dada zawadi ya Idi. Nani atauliza?"

"Kwa nini usiandike leo kwamba ile ya kwanza ni ya uongo?"

"Nikiandika ya uongo, Mheshimiwa ataniuliza ya nani. Nimtaje nani, dada? Kaka yako? Umpeleke jela mtoto wa mama yako?" Alipuliza chai. "Au ngoja Machi. Mimi sina haraka, nina miguu miwili."

Mama mkwe aliachia kilio kidogo na kukikata kwa ncha ya shali.

"Kiasi gani?" aliuliza Sughran.

"Elfu nane. Tano za Mheshimiwa, mbili zangu, moja ya Haji."

"Haji wa nini?"

"Si dole lake linatumika?"

Patwari alikubali kungoja mpaka Tufail alipe, kwa sharti awepo fedha zikihesabiwa. Maneno aliyaandika hapo hapo, makubwa mwanzoni, kisha akayabana. Sughran alinyoosha mkono achukue kalamu. Patwari akampa kidau cha wino.

"Natia saini."

"Hapana, dole. Tarehe ishirini uliweka dole. Ina maana kesho yake ulijua kuandika?"

Alicheka sana kwa hilo, mpaka akakohoa chai. Sughran aliinamia ukurasa. Hakuwahi kupewa nafasi ya kuusoma kwa karibu, na sasa patwari alikuwa anajipangusa ndevu. Juu ya 318 palikuwa na 316: Hanifan binti Sardar, kwa kaka zake wawili, kwa mapenzi. Hanifan alikuwa mjane, akichuma pamba ya watu ng'ambo ya mfereji. Ukurasa wa pili, 321, Zubaida binti Nawab, kwa mapenzi. 324, Kausar binti Yusuf, kwa mapenzi. Wote waliandikwa kwa mkono ule ule uliobanwa, na kila mmoja alikuwa na dole la Haji pembeni.

"Unasoma nini?" aliuliza patwari.

"Natafuta pa kuweka."

"Weka, binti," alisema mama mkwe. "Mwanangu anaoza kule."

Akaweka.

Hati ilitoka Jumamosi saa nane mchana. Tufail alihesabu elfu tisini na tano juu ya boneti ya trekta, na patwari akatoa nane zake kabla fedha hazijafika mkononi mwa Sughran. Rupia elfu moja ya Haji aliifunga peke yake kwenye karatasi. Alisema Haji ni mtu mzima, hapendi kupewa fedha ovyo.

Rafaqat aliingizwa chumba cha upasuaji Jumatatu, tarehe 16, saa nne asubuhi. Alitoka saa sita na robo. Daktari alisema chuma kimekaa.

Saa tisa Mushtaq alifika wodini na sanduku la laddu, vile vidonge vitamu vya sherehe. Alizigawa kwanza kwa wagonjwa wasiomjua, kitanda kwa kitanda.

"Nimempa dada yangu ekari mbili," aliwaambia. "Mali ni nini? Damu ndiyo mali."

"Mungu akuzidishie," alisema mgonjwa wa kitanda cha pili. Alimtazama Sughran alipokuwa akilisema hilo, kisha akapokea laddu. "Siku hizi kaka kama wewe hawapatikani."

Mushtaq alimalizia kwa dada yake. Akamwekea sanduku mapajani.

"Hata shukrani, Sughran?"

"Zilikuwa kilo ngapi?"

"Kilo mbili."

"Asante."

Alipoondoka, Sughran alitoa daftari. Rafaqat alikuwa bado na usingizi wa dawa; mguu wake ulikuwa umefungwa kutoka nyonga hadi kidoleni. Aliandika:

"Jumatatu, tarehe 16. Maziwa hakuna. Hospitali 80,000. Dawa 1,350. Jumamosi patwari alichukua 8,000: afisa 5,000, yeye 2,000, Haji 1,000. Haji bado lita 40. Laddu za Mushtaq, anasema kilo mbili, zilizonifikia tisa. Dole la 319 ni langu. Dole la 318 si langu."

Chini yake, bila kuruka mstari, aliandika:

"316, Hanifan binti Sardar.
321, Zubaida binti Nawab.
324, Kausar binti Yusuf."

Akapiga mstari chini ya jina la tatu, kutoka ukingo hadi ukingo, ili pasiingizwe kitu.